Mashairi ya mikono: Vijana viziwi na mizani yetu ya uhakiki

Kitenzi “kusikia” kina kazi nyingi katika Kiswahili kuliko tunavyokumbuka. Mtu husikia sauti, ndiyo, lakini pia husikia baridi, husikia njaa, husikia usingizi, husikia uchungu na husikia harufu ya samaki anayekaangwa kwa jirani. Mgonjwa akiulizwa anajisikiaje, hakuna anayetaka habari za masikio yake. Kwa maana hiyo pana, hakuna binadamu asiyesikia. Lakini tukimtaja kiziwi twasema “asiyesikia” na kuishia hapo, na papo hapo tunamtwika maana nyingine ambayo kitenzi hichohicho hubeba, yaani kutii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikio la kufa halisikii dawa. Mtoto mtundu “hasikii”. Lugha yetu imeshamweleza kijana huyu kuwa mtu aliyepungukiwa, na pengine mkaidi pia, kabla hajafanya lolote.

Naanza na msamiati kwa kuwa ndio unaotangulia kuingia ukumbini kila vijana viziwi wanapopanda jukwaani katika tamasha za muziki na drama za shule. Mkono haujainuliwa bado, na tayari mtangazaji ameshatwambia: sasa tuwakaribishe wenzetu ambao, ingawa hawasikii, wametuandalia shairi. Hilo “ingawa” ndilo ninalotaka tulijadili leo. Limegeuka kuwa kigezo cha uhakiki. Linatutaka tushangae kwamba kitu kimefanyika, na kutusahaulisha kuuliza kimefanyika vipi.

Tuliondoe kwanza suala la jina. Wapo wasomaji watakaoona kwamba “kiziwi” ni tusi, hasa kwa kuwa neno limo katika umbo la KI-VI pamoja na kiti na kijiko, sawa na kipofu na kiwete. Hoja hiyo husikika sana katika makongamano. Lakini sarufi imeshaijibu kwa kiasi: hatusemi kiziwi kimefika, twasema kiziwi amefika. Na kama KI- peke yake ni dharau, basi kijana, kiongozi na kinyozi nao wamedharauliwa siku nyingi. Wenye jina wenyewe hawalikimbii. Ndugu zetu wa Tanzania wana CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, na sioni tafsida yoyote hapo. Neno linalofaa kuachwa ni “bubu”, kwa sababu linasema uongo. Mtu aliye na lugha kamili mikononi hawezi kuwa bubu. Lugha hiyo Wakenya twaiita lugha ishara, Watanzania huiita lugha ya alama. Nitatumia letu.

Turudi jukwaani. Katika miaka ambayo nimehudhuria tamasha hizi, nimeona shairi la viziwi likija kwa namna mbili. Ya kwanza ndiyo ya kawaida. Mwalimu anayesikia hutunga shairi la Kiswahili au Kiingereza, aghalabu kuhusu dawa za kulevya au mazingira, kisha huwafundisha wanafunzi ishara ya kila neno, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa lugha aliyotungia. Siku ya siku, mtu mwenye sauti nzuri husimama pembeni na kipaza sauti akisoma. Wanafunzi huwa safu mbili, sare zimepigwa pasi, mikono ikiifuata sauti. Ukumbi hufurahi. Na kwa nini usifurahi? Unasikia kila kitu.

Hebu tulitazame shairi hilo kwa jicho la anayeliwasilisha. Mwalimu amepanga “maji” mwishoni mwa mshororo mmoja na “mtaji” mwishoni mwa mwingine, na sisi tunaosikia tumeridhika kwa ile -ji. Hakuna sababu yoyote ya ishara ya maji kufanana na ishara ya mtaji. Kina kimebaki kwenye kipaza sauti, mikononi hakikufika. Mizani vilevile: silabi nane za kipande kimoja huenda zikawa ishara mbili, na nane za kipande kifuatacho zikawa tano, ndipo utawaona watoto wakikimbiza mikono hapa na kuizubaisha pale ili wasiachwe na msomaji. Kijana amepewa shairi ambalo uzuri wake wote uko upande asioweza kuufikia. Kisha twampigia makofi, na makofi yenyewe pia hayasikii. Viziwi wenyewe hushangilia kwa kuinua mikono na kuipunga hewani, kitu ambacho hadhira zetu hufunzwa kwa dakika moja na kukisahau kwa dakika inayofuata.

Namna ya pili ni adimu. Niliiona katika tamasha ya kiwango cha kaunti, wasichana sita wa shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Hapakuwa na msomaji. Hapakuwa na sauti yoyote ila viatu vyao kwenye mbao. Shairi lao, kadiri nilivyoweza kulifuata, na kwa msaada wa mkalimani niliyemsumbua kwa maswali baadaye, lilimhusu mtoto kiziwi anayerudi nyumbani likizoni na kukuta hakuna anayeijua lugha yake. Si jambo la kubuni hilo. Watoto wengi viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na katika nyumba nyingi ishara zinazojulikana ni njoo, kula na lala.

Mtungo mzima ulijengwa juu ya umbo moja la mkono, yaani kiganja kilichokunjuliwa, vidole vimeshikana. Kiganja hicho kikisimama wima mbele ya uso kilikuwa mlango wa nyumba. Kikalazwa, kikawa sahani mezani. Viganja viwili vikawekwa kimoja juu ya kingine, vikifunguka na kufunga, vikawa kinywa cha baba, kisha kinywa cha shangazi, kisha vya wageni, vyote vikifunguka na kufunga juu ya ile sahani, huku macho ya msichana yakirukaruka kutoka kinywa hadi kinywa, yakichelewa kila mara. Wageni wanacheka, naye anacheka, nusu pumzi baada yao. (Hapo palikuwa na mama mmoja mbele yangu aliyejishika mdomo.) Kiganja kikawa kioo, kikawa ukurasa wa daftari, kikawa mkono wa mama unaopapasa kichwa cha mwanawe, maana mama huyo hana neno jingine la kumwambia. Hatimaye kikarudi kuwa mlango, safari hii ukifungwa polepole, na msichana akiwa upande wa nje, akielekea kwenye basi la kumrudisha shuleni. Huko ndiko anakozungumza.

Sasa niambie, msomaji: hicho si kina?

Kina ni marudio ya kipashio kidogo cha lugha mahali ambapo sikio limeshaanza kukitarajia. Katika Kiswahili kipashio hicho ni silabi. Katika lugha ishara ni kitu kingine, na tumekijua kwa zaidi ya miaka 60. Mnamo 1960 William Stokoe, aliyekuwa akifundisha Kiingereza katika chuo cha viziwi cha Gallaudet jijini Washington, alionyesha kwamba ishara moja inaweza kuchanguliwa kama neno linavyochanguliwa: kuna umbo la mkono, kuna mahali mkono ulipo, kuna mwendo wake. Waliomfuata wakaongeza mwelekeo wa kiganja na yale yanayofanywa na uso. Badilisha kimoja tu, maana inabadilika, kama vile “pata” inavyoacha kuwa pata ukiweka /b/ mahali pa /p/. Clayton Valli, mshairi kiziwi wa Marekani aliyefariki mwaka 2003, ndiye aliyekwenda mbali katika kuonyesha kwamba mshairi anaporudia umbo lilelile la mkono kutoka ishara hadi ishara, anafanya kazi ya kina. Kabla yake alikuwapo Dorothy Miles, mzaliwa wa Wales aliyepoteza usikivu akiwa na umri wa miaka 8, ambaye alitunga mashairi yaliyosimama kwa ishara na kwa Kiingereza kwa mpigo mmoja. Jambo gumu ajabu, na sijui kama kuna aliyelijaribu kwa Kiswahili.

Wale wasichana sita sidhani waliwahi kusikia habari za Valli. Walifika alikofika kwa miguu yao wenyewe, na hilo ndilo linalonivutia. Mtu akiachwa na lugha yake, ataanza kuichezea, na akiichezea vya kutosha atagundua vina.

Najua wanamapokeo watanishika shati. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha 1954 ambacho wengi wetu tulikulia humo, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika halina maana. Tukabishana sana baadaye. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko walikabana koo kuhusu vina na mizani, na mwangwi wa vita hivyo bado umo katika mitihani yetu. Lakini tazama: hakuna upande hata mmoja uliouliza kama shairi linahitaji sauti. Wote walikuwa watu wa masikio.

Mimi nilifunzwa upande wa wanamapokeo, na moyo wangu ungali huko. Ndiyo maana silitupi hilo sharti la kuimbika. Nauliza tu lina maana gani. Nadhani kuimbika ni lugha kupangwa kwa mpigo ambao mwili wa mtu mwingine unaweza kuuchukua na kuurudia. Utenzi huimbika kwa sababu bibi wa Pate aliyeusikia jioni aliweza kuwa nao asubuhi jikoni. Basi, baada ya onyesho lile, niliwaona wanafunzi viziwi wa shule nyingine waliokuwa wakingoja zamu yao chini ya mti. Walikuwa wamelitazama shairi la wenzao kupitia dirishani. Mmoja alikuwa akirudia kile kipande cha sahani na vinywa. Mwenzake akakidaka, akaongeza kinywa cha mwalimu mkuu, wakavunjika mbavu. Wa tatu akakirekebisha mpigo: viganja vitatu, kimya, viganja vitatu, kimya, kama kilivyokuwa jukwaani. Sheikh Amri angekuwapo, labda angekataa bado. Lakini angeona kitu anachokijua.

Waamuzi hawakukiona. Aliyetoa maoni kwa niaba ya wenzake alisifu sare na nidhamu, akashauri kwamba mwaka ujao waweke msomaji ili hadhira ifuate maneno, kisha akasema nyuso zilikuwa na chumvi kupita kiasi. Sitamlaumu yeye pekee. Sisi walimu wa Kiswahili ndio tuliomfundisha. Katika somo la fasihi simulizi tunawaambia wanafunzi kwamba miondoko ya mikono na uso ni viziada lugha, yaani vitu vya kuongezea ladha juu ya maneno yenyewe. Kwa msimulizi anayetamka, sawa. Kwa kiziwi uso ni sarufi. Katika lugha ishara nyingi, nyusi zikiinuka, kauli inakuwa swali la ndiyo au la. Zikishuka na kukunjamana, swali limekuwa la nani, nini au wapi. Mashavu na midomo hueleza ukubwa, wembamba, bidii au uzembe wa tendo. Kumwambia mshairi wa ishara apunguze uso ni sawa na kumwambia Shaaban Robert apunguze viambishi.

Tukiwa hapo hapo, hata istilahi yetu “fasihi simulizi” inayumba. Tumegawa fasihi mafungu mawili, inayosimuliwa kwa mdomo na inayoandikwa. Shairi la mlango halina mdomo na halina maandishi. Lakini lina fanani na hadhira ana kwa ana, hubadilika kila linapowasilishwa, humilikiwa na kundi, na mtu huweza kulidaka chini ya mti na kulitia lake. Kwa sifa zote tunazozikaririsha darasani isipokuwa moja, ni simulizi tupu. Hiyo moja, kwamba lazima litoke kinywani, ndiyo ya kupunguzwa kwenye orodha. Sioni haja ya kubuni fungu la tatu na kuwatenga watu upya kwa jina la heshima.

Nimesifu; sasa nikosoe, kwa kuwa sikuona aliyewakosoa wasichana wale kwa jambo linalostahili. Shairi lililegea katikati. Kioo na ukurasa wa daftari havikuwa na kazi katika kisa. Viliingia kwa sababu kiganja kiliweza kuwa kioo na kiliweza kuwa ukurasa, kama vile mshairi wetu wa magazetini anavyoingiza “chanda na pete” kwa kuwa anahitaji -te, hata kama hakuna anayeolewa. Twaita hiyo kulazimisha kina, na dhambi ni ileile mikononi. Pili, walikuwa sita lakini walitunga kama mtu mmoja. Kwa sehemu kubwa mikono kumi na miwili ilifanya kitu kimoja kwa wakati mmoja, mtindo uliorithiwa kutoka mashairi ya kundi ya wanaosikia, ambapo sauti zikiungana hupata nguvu. Ishara zikiungana hazipati nguvu hiyo. Hujaza tu macho. Pale walipogawana, wanne wakawa vinywa na mmoja akawa mtoto na mmoja akawa sahani, ndipo ukumbi uliposhika pumzi. Wangefanya hivyo tangu mwanzo.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyoniudhi. Baada ya mlango kufungwa, badala ya kutuacha tumesimama nje na yule mtoto, wote sita walirudi mbele, wakajipanga mstari, wakatwambia kwa ishara kubwa kubwa kwamba ulemavu si kutojiweza. Nani hajawahi kuliona bango hilo? Lilibandikwa juu ya shairi kama stika juu ya kioo cha matatu. Nina shaka, tena kubwa, kwamba ni mkono wa mtu mzima, mtu aliyejua waamuzi hupenda kuondoka na funzo. Mashairi ya vijana wanaosikia nayo yameharibiwa hivyo miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo angalau katika hilo usawa umepatikana.

Kuhusu ngoma nitasema machache. Hapa ndipo “ingawa” hufikia kilele: ati hawasikii lakini wanacheza kwa mpigo! Mwenye mshangao huo hajawahi kusimama karibu na ngoma kubwa kwenye jukwaa la mbao. Mtetemo hupanda kwa nyayo hadi kifuani. Evelyn Glennie, mpiga ngoma wa Scotland ambaye ni kiziwi, ana desturi ya kupiga bila viatu kwa sababu hiyo. Ile maana pana ya kusikia niliyoanza nayo si mchezo wa maneno, ndiyo inayotendeka. Kwenye uwanja wa saruji mtetemo hupotea, na hapo vijana hutegemea macho. Ukitaka kuhakiki kundi, angalia macho hayo yanakwenda wapi. Makundi mengine yote humtazama mwalimu aliyechuchumaa mbele ya jukwaa akipunga mikono, na mchezo huwa sahihi na mkavu. Machache hutazamana. Kiongozi hubadilisha bega, jirani analiona, linasafiri hadi mwisho wa safu kwa sekunde moja hivi, na ile sekunde ya kuchelewa huwa na utamu ambao hesabu za mwalimu haziwezi kuuleta.

Kuna historia nyuma ya haya, nayo mhakiki hana budi kuijua, la sivyo atasahihisha visivyo. Mwaka 1880 kongamano la walimu wa viziwi lililokutana Milan, Italia, lilipitisha kwamba mtoto kiziwi afunzwe kwa kutamka, na ishara ziondolewe darasani. Karibu wote waliopiga kura walikuwa wanaosikia. Uamuzi huo ulienea duniani na athari yake ikadumu karibu karne nzima. Kwetu, shule za kwanza za viziwi, Nyangoma na Mumias, zilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ziliurithi mtazamo huohuo, na wapo wazee viziwi waliofinywa vidole kwa kosa la kuzungumza. Msanii kiziwi wa Marekani, Betty Miller, alichora mwaka 1972 mikono iliyotiwa pingu, vidole vimekatwa. Mwaka 1989 yeye na wenzake, tisa kwa jumla, walitoa tamko lililoipa jina sanaa inayobeba tajriba ya kuwa kiziwi, na wakataja alama zake: rangi kali zinazogongana, na kutiliwa mkazo macho, midomo, masikio na mikono. Kijana wa Kenya akichora mtu mwenye mikono inayozidi kichwa, mwalimu wa sanaa asiyejua habari hizi ataandika pembeni kwa kalamu nyekundu: uwiano. Huenda ni kweli amekosea uwiano. Huenda pia amechora alichokusudia. Itabidi aulizwe, na kwa lugha yake.

Warithi wa kongamano lile la Milan walikutana Vancouver, Kanada, mwaka 2010, wakaeleza majuto yao rasmi. Mwaka huohuo Wakenya tulipitisha Katiba ambayo kifungu cha 7 kinaitaka serikali kukuza lugha ishara ya Kenya, na cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, sako kwa bako na Kiswahili na Kiingereza. Kisheria, basi, malenga wa Kiswahili na msichana wa shairi la mlango ni majirani wa ukuta mmoja.

Lakini majirani hao hawajuani, na sababu moja ni mitihani. Mtahiniwa kiziwi hufanya lugha ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Mpango huo ni wa haki na sitaki uondolewe. Ilikuwa ukatili kumtaka mtoto ambaye hajawahi kusikia sauti aeleze tofauti ya sauti ghuna na sighuna. Matokeo yake ambayo hayakukusudiwa ni kwamba sisi wa Kiswahili tumewaondoa viziwi mawazoni. Hawamo katika madarasa yetu, hawamo katika diwani tunazohariri, hawamo katika tasnifu tunazosimamia. Mwanafunzi wangu wa uzamili akinijia na pendekezo la kuchunguza takriri katika mashairi ya ishara, idara itamuuliza swali la kwanza: hili ni Kiswahili kweli? Jibu ni hapana. Lakini taaluma ya ushairi tuliyonayo sisi, ya vina, vipande, vibwagizo na mpigo, imekomaa kwa karne kadhaa, na inakaribia kile wanachofanya vijana hawa kuliko nadharia nyingi tunazoziagiza kutoka ng'ambo kwa gharama. Mshairi wa Kiswahili anajua raha ya kufungwa na umbo. Anajua pia jinsi umbo linavyoweza kukuchezea shere ukaandika kioo mahali pasipotaka kioo.

Waamuzi wa vipengele hivi nao wapatikane miongoni mwa wanaoijua lugha. Tungekubali mashairi ya Kiswahili yahukumiwe na mtu anayehitaji kutafsiriwa? Viziwi waliosoma, wakiwemo walimu, wapo. Apewe kiti mmoja wao, na si kiti cha heshima, bali kile chenye karatasi ya alama. Na msomaji wa pembeni, kama lazima awepo kwa ajili yetu, asome shairi likiisha, au maneno yaonyeshwe ukutani, ili mikono isimkimbilie.

Kubaki kwa mashairi haya nako kunanitia wasiwasi. La Kiswahili lililoandikwa kwa hati za Kiarabu lilingoja sandukuni miaka 200 na bado lasomeka. La ishara lilipotea kila alipokufa aliyelijua, hadi simu za kamera zilipofika, na sasa vijana viziwi hutumiana mashairi na vichekesho kwa video usiku kucha, wengi wakiwa mashairi kuliko wanavyojijua. Lakini mpiga picha asiyejua lugha hukata mikono kwenye ukingo wa picha, au huvuta uso karibu wakati neno liko kiunoni. Nilimwomba mwalimu wa wale wasichana video ya shairi la mlango, akanitumia aliyokuwa nayo, iliyorekodiwa na mzazi mmoja. Inaanza vizuri. Sahani inapowekwa mezani, kamera inageukia hadhira kuonyesha watu walivyojaa, inakaa huko sekunde kama arubaini, na inaporudi jukwaani mlango unafungwa.